HAKUTUMA MTU, ALIKUJA MWENYEWE!



Karatasi hii imekufikia mkononi. Pengine umepewa stendi ukisubiri daladala ya kwenda Dar. Pengine umeiokota soko la samaki. Au umesimama kwenye mkutano wa Injili, nyuma kabisa, umeegemea pikipiki yako na unajisemea moyoni, "Mimi nasikiliza muziki tu, halafu naondoka zangu." Haya, usiondoke bado. Wala usiifungie karanga karatasi hii kabla hujaisoma. Ina habari inayokuhusu.

Huenda umewahi kuulizwa swali hili, au wewe ndiye unayeuliza: "Hivi hawa Wakristo wanaabudu Mungu mmoja au miungu watatu?" Ni swali zuri. Mimi liliwahi kunitoa jasho.

SWALI LA UFUKWENI

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Nilipookoka nilikuwa na miaka 19, kibarua wa ufukweni, nikibeba samaki kutoka kwenye mashua mpaka kwa wakaangaji. Na unajua tena, mtu aliyeokoka asubuhi anataka kuhubiri jioni! Nikaanza kumshuhudia kila mtu.

Alikuwepo babu mmoja, fundi wa vyombo vya baharini. Kutwa nzima utamkuta kivulini anakalafati mashua, anasokomeza pamba kwenye nyufa za mbao. Mwislamu wa swala tano, mtu wa watu. Siku nilizokosa kibarua alinigawia chakula chake mwenyewe. Siku moja akaniita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia umeingia kwa walokole."

"Ndiyo babu, nimeokoka."

"Ukiacha bangi ni vizuri, mimi nafurahi. Lakini hebu nieleze jambo moja, na wala sitaki ugomvi. Mungu wenu ni wangapi?"

"Mmoja, babu."

"Na Baba ni Mungu?"

"Ndiyo."

"Na Yesu ni Mungu?"

"Ndiyo."

"Na Roho?"

"Ndiyo, babu."

Akaweka nyundo chini. "Mwanangu, sisi wa hapa ufukweni hatukusoma sana, lakini mafungu ya dagaa tunayahesabu. Moja, mbili, tatu."

Nikamjibu kama nilivyosikia kwa wenzangu. Nikasema Utatu ni kama yai. Kuna ganda, kuna ute, kuna kiini, lakini yai ni moja. Babu akacheka kidogo. "Ganda peke yake ni yai?" Nikasema siyo. "Basi Baba peke yake siyo Mungu kamili, ni kipande?"

Nikakimbilia maji. Nikasema maji ni yale yale, leo barafu, kesho maji, keshokutwa mvuke. Babu akasema, "Maji yakishakuwa mvuke siyo barafu tena. Sasa huyo Yesu alipokuwa anaomba, alikuwa anamwomba nani? Alijiomba mwenyewe?"

Nikanyamaza. Nilichukua ndoo yangu nikaondoka, uso umenishuka. Jioni nikamwuliza ndugu mmoja aliyenitangulia katika wokovu. Akaniambia, "Usichunguze sana, utarukwa na akili. Wewe amini tu." Nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja. Maana nilijua yule babu hakunidhihaki. Aliniuliza kwa upole, nami nikampa yai!

BIBLIA INASEMA NINI HASA?

Nilifungua Injili nikaanza kusoma mwenyewe, bila yai wala barafu. Nikakuta mambo matatu. Yashike haya, kijana mwenzangu.

LA KWANZA: Mungu ni MMOJA tu. Musa alilitangaza hilo kwa Israeli (Kumbukumbu la Torati 6:4). Yesu mwenyewe alipoulizwa amri iliyo kuu, alianzia hapo hapo (Marko 12:29). Hatuna miungu watatu. Anayeabudu miungu watatu siyo Mkristo. Jirani yako Mwislamu anapokuambia Mungu ni mmoja, usibishane naye hapo. Magofu ya msikiti wa Kaole, wa karne ya 13, yanakuonyesha kwamba ukiri huo umesikika hapa pwani kwa mamia ya miaka. Tofauti yetu haiko kwenye hesabu ya miungu. Iko kwenye jibu la swali hili: huyo Mungu mmoja ni wa namna gani, na je, amekuja kwetu au hajaja?

LA PILI: Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu. Yohana anaanza Injili yake kwa kusema kwamba Neno alikuwako tangu mwanzo, alikuwa pamoja na Mungu, naye alikuwa Mungu (Yohana 1:1). Tomaso alipomwona Yesu amefufuka, alimwita Bwana wake na Mungu wake, na Yesu hakumkemea (Yohana 20:28). Na Petro alimwambia Anania kwamba kumdanganya Roho Mtakatifu ni kumdanganya Mungu (Matendo 5:3-4).

LA TATU: Baba siye Mwana, wala Mwana siye Roho. Angalia pale mto Yordani, siku Yesu alipobatizwa (Mathayo 3:16-17). Mwana amesimama majini. Roho anashuka kama hua. Baba ananena kutoka mbinguni. Wote watatu, saa ile ile, mahali pale pale. Siyo mtu mmoja anayebadilisha mavazi kama mwigizaji jukwaani! Kwa hiyo swali la babu lina jibu. Yesu alipoomba hakujiomba mwenyewe. Alimwomba Baba yake.

Na Yesu alipowatuma wanafunzi wake kubatiza, aliwaambia wabatize kwa JINA la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Hakusema majina. Jina ni moja.

Utasema, "Bado sijaelewa inawezekanaje." Kijana, hata mimi siwezi kumweka Mungu kwenye mizani. Bahari ile pale huwezi kuimaliza kwa ndoo. Lakini usipoimaliza haina maana huijui! Unajua ina chumvi, unajua saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa, na samaki wake unawala. Mungu tunamjua kwa vile alivyojionyesha. Alijionyesha Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja.

"LAKINI MUNGU ATAZAAJE?"

Hili nalo limewakwaza wengi. Wanadhani tunasema Mungu alioa mke akapata mtoto. HASHA! Hakuna Mkristo anayefundisha hivyo. Hebu sikiliza Kiswahili chako mwenyewe. Unasema mwananchi. Je, nchi iliolewa lini? Unasema mwanamaji. Maji yalimzaa leba gani? Neno "mwana" lina upana kuliko kuzaa kwa mwili.

Tunapomwita Yesu Mwana wa Mungu tunasema kwamba ametoka kwa Baba, ana uungu ule ule wa Baba, na hapakuwa na wakati ambao Baba alikuwepo bila yeye. Kama mwanga na jua. Jua halikukaa kwanza gizani ndipo likapata mwanga. Na mfano huo nao usiuvute sana, usije ukawa yai lingine!

Wengine wanasema, "Neno Utatu halimo kwenye Biblia." Kweli, neno halimo. Jambo lenyewe limo. Tena wengi waliopigania jambo hili walikuwa watu wa bara letu. Miaka ya 200 baada ya Kristo, Tertullian wa Karthago, nchi inayoitwa Tunisia leo, aliandika neno hilo kwa Kilatini. Na ukifika Dar ukipita Barabara ya Haile Selassie, ujue jina la yule mfalme wa Ethiopia lina maana ya Nguvu ya Utatu. Siyo habari iliyoletwa jana na wazungu.

MTUMWA HAMKOMBOI MTUMWA

Sasa utauliza, "Haya yote yananisaidia nini mimi? Nina njaa, sina kazi, mambo yangu hayaendi." Twende taratibu. Hapa ndipo penyewe.

Wewe wa Bagamoyo unajua mji huu ulikuwa nini. Njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikuja kuishia hapa ufukweni. Watu walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani, na wengine walifika wakiwa watumwa. Kutoka hapa wengi walivushwa mpaka soko la Unguja, lile lililofungwa mwaka 1873.

Mwaka 1868 walikuja hapa mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Sisi tuna mambo tunayotofautiana nao, na wao walikuwa wanadamu wenye mapungufu yao. Lakini walifanya jambo ambalo mji huu haujalisahau. Walitoa fedha, wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa mahali pa kuishi pale misheni.

Sasa fikiri. Kwa nini watumwa wenyewe hawakukombolewa na mtumwa mwenzao? Jibu ni jepesi. Mtumwa hana mali. YEYE MWENYEWE NI MALI. Hata angekuwa mtumwa mkubwa, hodari, anayependwa kuliko wote, bado hawezi kumkomboa mwenzake. Lazima aje aliye huru.

Jambo hili hili lilitikisa kanisa Afrika zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Pale Aleksandria, Misri, padre mmoja aitwaye Arius alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Kiumbe cha kwanza, kiumbe bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Maneno yake yalipendwa, maana yalikuwa rahisi kueleweka. Kwenye mtaguso wa Nikea, mwaka 325, viongozi wa kanisa waliyakataa. Wakakiri kwamba Mwana ana uungu mmoja na Baba. Shemasi kijana aitwaye Athanasius alikuwepo. Baadaye akawa askofu wa Aleksandria, akafukuzwa mjini mwake mara 5 kwa ajili ya ukweli huu, akakaa uhamishoni kama miaka 17. Miaka 17, kijana! Kwa nini asingekubali tu yaishe?

Kwa sababu aliona hatari. Kama Yesu ni kiumbe, basi msalabani alikufa kiumbe kwa ajili ya viumbe, mtumwa kwa ajili ya watumwa, na sisi bado tumo minyororoni. Ila kama Yesu ni Mungu kweli, basi aliyetulipia ni Mungu mwenyewe. Na Roho naye ni hivyo hivyo. Kama Roho ni nguvu tu, kama umeme, basi Mungu hajakaa ndani yako, amekutumia umeme. Ila kama Roho ni Mungu, basi Mungu mwenyewe amehamia moyoni mwako! Mwaka 381, kule Konstantinopoli, kanisa likakiri wazi kwamba Roho huabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Usidhani ugomvi huo ulikwisha zamani. Hata Wapentekoste wa Marekani walitengana mwaka 1916. Wako waliosema Baba, Mwana na Roho ni majina tu ya Yesu mmoja. Wanampenda Yesu, hilo silipingi. Lakini pale Yordani nani alinena? Na kule Gethsemane, Yesu alimlilia nani usiku ule?

BABA YANGU NA SALAMU ZAKE

Nikuambie sasa kwa nini jambo hili lilinitoa machozi usiku ule, maana sikulia kwa ajili ya mtaguso.

Baba yangu alivuka kwenda Unguja nikiwa darasa la pili. Alisema anakwenda kutafuta. Mwanzo alikuwa anatuma. Jahazi likiingia, mtu anakuja nyumbani: "Baba yako anakusalimu, ametoa mchele huu." Mara kanga ya mama. Mara fedha ya daftari. Mimi kila jahazi likionekana nakimbia ufukweni, nasimama majini mpaka magotini, naangalia nani anashuka. Anashuka mtu na salamu. Baba hashuki. Mpaka nimemaliza shule ya msingi, salamu zimekwisha, na yeye hakuja. Alifia huko huko.

Kijana mwenzangu, mchele niliula. Lakini sikuwa na njaa ya mchele. NILIMTAKA YEYE.

Ndiyo maana nilipoanza kuomba na kusema "Baba", kooni palikuwa pananikaba. Nilidhani Mungu naye ni wale wale. Anakaa mbali, anatuma watu.

Usiku ule nikasoma kwamba zamani Mungu alisema kwa manabii, tena kwa njia nyingi, lakini mwisho akasema nasi katika Mwana (Waebrania 1:1-2). Nikaelewa! Manabii walikuwa watumishi, walileta salamu, na salamu zilikuwa za kweli. Lakini siku ya Bethlehemu aliyeshuka siyo mjumbe. Utasema, "Mbona imeandikwa Baba alimtuma Mwana?" Ndiyo, alimtuma. Lakini Mwana siyo mtu wa nje aliyepewa mzigo apeleke. Ni Mungu yule yule mmoja. Anayemwona Mwana amemwona Baba (Yohana 14:9). Mungu alishuka chomboni, akatia miguu yake kwenye matope yetu, akaja mpaka niliposimama. HAKUTUMA MTU. ALIKUJA MWENYEWE!

Na alipopaa hakuniacha na salamu. Yesu aliahidi kwamba hatawaacha wake yatima; atamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi akae nao hata milele (Yohana 14:16-18). Neno hilo, yatima, sikulisoma. Lilinisoma mimi.

Huo ndio Utatu. Siyo kitendawili cha kuwashinda nacho watu kijiweni. Ni habari kwamba Mungu mmoja amekuja mwenyewe, amelipa mwenyewe, na anakaa nawe mwenyewe. Na upendo huo hakuuanza siku alipokuumba wewe. Kabla ya bahari, kabla ya nyota, Baba alimpenda Mwana (Yohana 17:24). Mungu hakuwa mpweke akatafuta wa kumpenda. Yeye NI upendo (1 Yohana 4:8), na anakuita uingie humo.

NILIRUDI KWA BABU

Baada ya siku chache nilirudi pale kivulini. Nikamwambia, "Babu, lile yai nimelitupa." Akacheka sana. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, mpaka habari ya baba yangu, ambayo yeye aliijua kuliko mimi. Aliniona nikisimama majini miaka ile yote.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, sikubaliani nawe, na wewe unajua hivyo. Lakini leo nimekuelewa unachosema. Unasema Mungu alikuja." Nikasema, "Ndiyo, babu." Akasema, "Hilo ni neno kubwa. Usiliseme tena kwa mzaha."

Sijalisema kwa mzaha mpaka leo.

WEWE JE?

Toka Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo mpaka hapa mjini, wako vijana wanaosimama majini wakingoja mtu ashuke. Mwingine anamngoja baba. Mwingine anamngoja mchumba aliyemwahidi. Mwingine anaangalia simu usiku kucha, hakuna anayemtafuta. Wamejaribu gongo, wamejaribu bangi, wamejaribu unga, wamejaribu waganga. Pazito bado pako pale pale.

Kijana, aliyekuwa anangojwa ameshashuka. Dhambi yako ameilipia msalabani. Ulevi wako, uzinzi wako, wizi wako, chuki uliyonayo kwa mzazi aliyekutupa, vyote amevijua na bado amekuja. Hakuhitaji uwe msafi kwanza. Anahitaji utubu na umfungulie.

Wazee husema mji huu ni mahali pa kubwaga moyo, ingawa kuna waliofika hapa wakiwa wamefungwa, wakaubwaga kwa kukata tamaa. Wewe bwaga wako kwa Yesu. Kama uko tayari, sema sala hii, kwa sauti au kimya kimya, hapo hapo ulipo:

"Ee Baba, nimekuja kwako. Mimi ni mwenye dhambi na siwezi kujikomboa. Nakushukuru kwa sababu ulimtoa Mwana wako, Yesu. Bwana Yesu, naamini wewe ni Mungu, ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe, nioshe, uwe Bwana wangu. Roho Mtakatifu, karibu, ukae ndani yangu, unifundishe, unipe nguvu ya kuacha dhambi. Mungu mmoja, mimi ni wako. Amina."

Umeona? Umesema na Baba, umesema na Mwana, umesema na Roho Mtakatifu, na umesema na Mungu mmoja. Ulichokiona kigumu kichwani, magoti yako yamekielewa.

Kama umesali kwa kumaanisha, mweleze mtu mmoja leo hii. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ukabatizwe kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Na kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa anakungoja, mama au mdogo wako, usimtumie salamu.

Nenda mwenyewe.

Mungu akubariki!